Fundi wa umeme wa Kiloleni: anapima kwanza, spea baadaye

Gereji yenyewe haina kibao. Iko Kiloleni, hapa Tabora mjini, chini ya mwembe, na ukimwambia bodaboda akupeleke kwa fundi wa umeme wa magari anakufikisha bila kuuliza mara ya pili. Nawaandikia hasa wenye Toyota Spacio, IST na wenzake wa miaka ya mwanzo ya 2000, yale ambayo pedeli ya mafuta bado inavuta throto, yaani mlango wa hewa ya injini, kwa kebo.

Mimi nanunua asali vijijini Sikonge na kuileta mjini kwa Spacio. Gari likaanza kumisi: ukikanyaga mafuta linavuta, linakata, linavuta tena. Sailensi, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda yenyewe, taa ya injini inawaka na kuzimika. Gereji ya kwanza walichomeka mashine, ikasoma kodi ya hitilafu P0120, wakasema imekufa sensa ya throto, ile inayoiambia injini throto imefunguka kiasi gani. Nikalipa shilingi 95,000, sensa mpya na ufundi. Kwenye lami gari likatulia. Nilipoingia barabara ya vumbi ya Kitunda, ugonjwa ule ule ukarudi. Niliporudi kwao wakaniambia sasa ni kontrolo boksi, yaani kompyuta ya injini, nitafute pesa.

Ndipo nikaenda Kiloleni.

Fundi huyu ni kijana mpole, haongei sana. Aliangalia ile kodi akasema, "Mama, hii inatuambia kuna tatizo kwenye njia nzima ya sensa. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa waya, soketi au boksi. Tupime." Akachukua mita, akawasha swichi bila kupiga stata, akachomoa soketi. Pale zinaingia nyaya tatu. Mmoja unaleta volti 5 kutoka kontrolo boksi: akapima, zipo. Wa pili ni ethi ya sensa, yaani waya wa hasi: akapima, ipo. Wa tatu unarudisha taarifa kwenye boksi. Akarudisha soketi, akapenyeza pini nyembamba kwa nyuma ya ule waya wa tatu bila kuuchuna, akaniomba nikanyage mafuta polepole. Throto ikiwa imefungwa mita ilisoma volti 0.6 hivi. Nilivyoendelea kukanyaga ikapanda taratibu, bila kuruka, hadi kupita 4. Akanionyesha: hivyo ndivyo sensa nzima inavyotakiwa kusoma.

Wengi wangeishia hapo wakasema gari halina shida. Yeye akaniambia nitoe mguu kwenye pedeli, akashika fungu la nyaya na kuanza kuutikisa kipande kwa kipande, macho kwenye mita. Alipofika karibu na boksi la filta ya hewa, namba ikaruka kutoka 0.6 hadi karibu 5, ikashuka, ikaruka tena. Hapo nami nikaelewa. Waya wa ethi ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, unagusana gari likiwa limetulia, unaachana likitikisika. Ethi ikipotea, volti za taarifa zinapanda juu, na boksi linapokea habari kwamba nimekanyaga mafuta hadi mwisho wakati mguu wangu uko juu. Ndiyo maana lami ilinidanganya na vumbi likasema kweli.

Alichana tepu iliyofunga nyaya, tukaona ganda limesuguliwa na pembe ya bati na shaba ndani imekuwa ya kijani. Alikata kipande kibovu, akaunganisha waya mpya wa unene ule ule kwa kulehemu, akaufunika kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto, halafu akaufunga mbali na lile bati. Hilo la mwisho ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa sababu bila hivyo waya mpya nao ungesuguliwa. Akafuta kodi, akatikisa tena, namba haikuruka.

Nilikuwa nayo sensa ya zamani kwenye dashibodi. Akaipima na yenyewe kwa omu, yaani ukinzani wa umeme, huku akiizungusha: nzima kabisa. Iliniuma, 95,000 ni asali nyingi.

Kwake nililipa 25,000. Nimeshapita njia ya Kitunda na mzigo kamili na taa haijawaka.

Kasoro zipo. Hatoi risiti, kwa hiyo mwenye gari la ofisi apange naye mapema. Foleni inakuwa ndefu, na hakubali kuharakishwa. Ukimsimamia kichwani anaweka mita chini. Spea hauzi, ataandika jina la kitu ukakitafute mwenyewe madukani. Mimi hilo naliona ni jambo jema: asiyeuza sensa hana haraka ya kusema sensa imekufa.

Nenda asubuhi. Ijumaa mchana hayupo mpaka baada ya swala. Na kama kuna kifaa kilichotolewa kwenye gari lako gereji nyingine, nenda nacho, atakipima bila kukudai.