Helkavirsiä ya Eino Leino, nakala ya mtumba ya euro 8

Kitabu hiki cha mashairi ya Kifini nimekinunua kwenye duka la vitabu vilivyotumika hapa Helsinki. Jalada gumu, kurasa zimeshika rangi ya chai ya maziwa, na mgongo umeanza kulegea. Kwa euro 8 nilalamike nini? Maandishi ni makubwa, hata usiku yanasomeka.

Kilichonikera ni maelezo ya jalada la nyuma: Leino mshairi, basi. Huyu bwana, aliyezaliwa Paltamo, Finland, mwaka 1878 kwa jina la Armas Einar Leopold Lönnbohm, alikuwa pia mtu wa magazeti. Aliandikia gazeti la Päivälehti, na watawala wa Kirusi walioishika Finland wakati ule walipolifunga mwaka 1904, likazaliwa jingine, Helsingin Sanomat, naye akaendelea huko. Alihakiki vitabu na tamthilia, akatunga riwaya na michezo ya jukwaani, halafu akamleta Dante, mshairi wa kale wa Italia, kwa Kifini: utenzi wake mrefu Divina Commedia, wote mzima. Alilala saa ngapi, sijui.

Turudi kwenye mashairi. Fungu la kwanza lilitoka 1903, la pili 1916, na nakala yangu ina yote mawili. Leino anafuata mapigo ya nyimbo za kale za Wafini, mizani nane kwa mstari. Aliyekulia kwenye tenzi ataingia bila kubisha hodi, ila asisubiri vina vya mwisho: hapa utamu uko kwenye sauti za mwanzo wa maneno, zinazoitikiana ndani ya mstari uleule.

Anza na "Ylermi". Bwana mwenye kiburi anaingia kanisani na farasi wake, moja kwa moja hadi katikati. Hakuna utangulizi wala sifa za farasi. Mistari michache tu na tayari umo ndani naye. Mimi humo namwona mhakiki kazini, aliyechoshwa na maneno mengi ya wenzake akaamua kukata ya kwake kwanza. "Räikkö Räähkä", habari ya msaliti wa kijiji chake mwenyewe, ni chungu zaidi. Usiisome kabla ya kulala.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa kukosa faharasa, maana maneno ya kizamani yamejaa na kamusi ya kawaida haiyajui yote. Kama Kifini chako bado ni cha kuulizia basi, pesa yako usiitoe sasa. Haki za Leino zimekwisha muda, mashairi yake yapo bure mtandaoni, onja huko kwanza.