Tuliifuata baridi Vienna: usiku sita wa fungate na kifurushi cha mahaba tulichonunua Mombasa

Mama mkwe wangu alipoambiwa kwamba tunakwenda Vienna mwezi wa Januari aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiyo baridi mnaifuata ya nini?" Sikuwa na jibu la maana. Ukweli ni kwamba mume wangu alikuwa hajapata kuona theluji, na Zanzibar kila tunayemjua ameshakwenda na picha zake tumeshaziona. Wakala mmoja wa safari hapa Mombasa (simtaji) alikuwa akiuza kifurushi cha fungate "ya kifalme": usiku sita hotelini, gari la kutupokea, chakula cha jioni cha mishumaa, tamasha la muziki na matembezi ya gari la farasi. Shilingi laki nne na nusu kwa wawili, tiketi za ndege na viza mbali. Fungate ni siku saba, kila mtu wa Pwani anajua, na kifurushi kilikuwa cha usiku sita. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Nianze na viza, maana huko ndiko fungate za watu wengi zinakofia. Austria, nchi ya mji huo wa Vienna, imo katika nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, na sisi Wakenya maombi tunayapeleka Nairobi, wenyewe, kwa sababu ya alama za vidole. Tulipanda treni ya Madaraka Express, tukalala kwa shangazi, tukarudi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, haijaingia ada ya huduma, na bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Unaruhusiwa kuomba hata miezi sita kabla, na mwisho ni siku 15 kabla ya kusafiri, lakini usithubutu kungoja hizo 15. Kilichotuokoa ni kwamba nikaha tuliifunga Oktoba na harusi ikawa mwisho wa Desemba, kwa hiyo cheti cha ndoa kilikuwa mkononi mapema. Rafiki yangu aliyeolewa na kusafiri mwezi ule ule alilazimika kuomba kama msichana asiye na mume, na maelezo yake yalikuwa marefu kama utenzi.

Makoti tulinunua Kongowea. Hapa nawapa siri: makoti mazito ya mitumba sokoni kwetu hayana mnunuzi, yananing'inia mpaka yanashika vumbi, na muuzaji akikuona unajaribisha moja anadhani unafanya mzaha. Nilipata la sufu refu mpaka chini ya magoti kwa bei ya leso mbili. Viatu ndivyo usivifanyie ubahili. Vienna wakati wa baridi wanamwaga kokoto ndogo ndogo kwenye vijia ili watu wasiteleze, na soli nyembamba utaijutia siku ya kwanza.

Tulifika Jumapili asubuhi. Dereva alikuwepo na karatasi yenye majina yetu, nampa haki yake. Hoteli "ya katikati ya jiji" ikawa Favoriten, wilaya ya 10, karibu na Reumannplatz, mwendo ambao kwa miguu na masanduku si wa bibi harusi. Nilinuna. Baadaye nikagundua kwamba kosa lile lilitufaa kuliko sehemu yoyote ya kifurushi. Mtaa umejaa Waturuki, nyama ya halali iko kila kona, soko la Viktor-Adler liko hatua chache, na kwa treni ya U1 ni vituo vitano tu mpaka Stephansplatz, mbele ya kanisa kuu. Lakini wakala angesema kweli. Asingepungukiwa na kitu.

Chumbani tulikuta maua ya waridi kitandani na chupa ya mvinyo ndani ya ndoo ya barafu. Barafu, mwezi wa Januari, kwa Waislamu wawili waliojaza fomu ya wakala na kuandika "halali tu" kwa herufi kubwa. Tukairudisha mapokezi. Kisha kitanda: kipana vizuri, ila kina magodoro mawili na maduveti mawili, kila mtu na lake. Mume wangu alishuka kulalamika kwamba sisi ni maharusi, wametupa chumba cha ndugu. Dada wa mapokezi alicheka kwa adabu, akamwambia Austria kitanda cha mke na mume ndivyo kilivyo. Wanaona ni busara, hakuna anayemvutia mwenzake duveti usiku. Ukitaka duveti moja kubwa, uliza kabla ya kulipia chumba.

Somo wangu alikuwa amenifungashia udi, chetezo kidogo na chupa ya mafuta ya nazi. Udi haukuwashwa, king'ora cha moshi kilikuwa juu ya kitanda kikinitazama. Mafuta ya nazi nayo yaliganda yakawa meupe kama samli, nikawa nayaweka juu ya bomba la joto kila asubuhi yayeyuke. Yabebeni hayo mafuta hata hivyo. Joto la ndani linakausha ngozi mpaka midomo inapasuka.

Sasa yale tuliyolipia. Gari la farasi, wenyewe wanaliita Fiaker, linaanzia pembeni mwa kanisa la Stephansdom. Farasi wamefunikwa blanketi, abiria nao wanapewa lao, lenye harufu ya farasi. Kwa Aprili labda ni raha. Kwa Januari ni kukaa kwenye upepo bila kusogea na kulipia heshima hiyo. Meno ya mume wangu yaligonga kwa mdundo wa kwato. Tamasha la muziki lilikuwa la wale wapigaji waliovaa mawigi meupe, tiketi zinazouzwa barabarani na vijana waliovaa kama Mozart. Ukumbi ulijaa watalii tu, na vipande vilikuwa vifupi vifupi. Chakula cha mishumaa sitakisimulia sana: menyu ilikuwa imepangwa tangu Mombasa, na sahani kuu ilikuwa nguruwe. Tulikula mkate na saladi, mshumaa ukituangalia. Na mjue hili pia: *Wiener Schnitzel* kwa sheria yao ni nyama ya ndama, ya nguruwe lazima waiandike hivyo, lakini kuwa ndama hakuifanyi kuwa halali. Vilevile kuna kikeki cha rangi ya waridi, *Punschkrapfen*, kinavutia macho kweli kweli. Kimeloweshwa ramu.

Basi raha ilikuwa wapi? Ilikuwa mkahawani.

Watu wa Mombasa kahawa tunaijua. Tungu, kikombe kidogo, kashata au halua pembeni, barazani, na mazungumzo hayana saa. Nilidhani Ulaya kahawa ni ya kunywa ukikimbia. Tukaingia Café Sperl, iliyofunguliwa mwaka 1880: meza za marumaru, viti vya velveti iliyopauka, meza za biliadi katikati, magazeti yamebanwa kwenye fremu za mbao. Unaagiza Melange moja, yaani kahawa yenye maziwa ya povu, inakuja kwenye sinia ya fedha pamoja na gilasi ya maji ambayo hukuiomba. Maji hayo hata ya bomba ni matamu. Tangu 1873 jiji linayateremsha kutoka chemchemi za milimani. Na baada ya hapo, basi. Hakuna anayekuletea bili mpaka uiombe. Weita ana uso wa mtu aliyedaiwa, wote ni hivyo, wala msiudhike. Lakini hakufukuzi. Tulikaa saa tatu na nusu kwa vikombe viwili na kipande cha keki ya tufaha, tukazungumza mambo ambayo tangu posa hatukupata nafasi ya kuyazungumza, kwa sababu nyumbani kila dakika kuna shangazi mlangoni. Siku iliyofuata tukarudi, na iliyofuata tena. Mwaka 2011 Waaustria waliuandika utamaduni huu katika orodha yao ya urithi wa taifa, nami sioni kwa nini walichelewa.

Baridi yenyewe ndiyo inayokusukuma humo. Jua linachomoza saa moja na nusu, na kufikia saa kumi na moja kasorobo limeshazama. Adhuhuri ni saa sita na dakika chache, alasiri kabla ya saa nane na nusu, magharibi hiyo hapo. Ukichelewa kidogo sala zimekufuatana. Tulijifunza kuigawa siku kwa sala: makumbusho asubuhi, kurudi chumbani mchana, mkahawa jioni. Ijumaa tulipanda U6 mpaka kituo cha Neue Donau, kwenye msikiti wenye mnara uliofunguliwa 1979.

Makumbusho tuliyokwenda ni Belvedere ya juu, kwa sababu ya ile picha ya Gustav Klimt ya mume na mke wamekumbatiana, *Busu*, aliyoichora 1907 na 1908. Nilitarajia kuchoka, picha yenyewe iko kwenye vikombe na miavuli ya jiji zima. Ni kubwa, mita 1.8 kila upande, na dhahabu yake ni dhahabu kweli, karatasi nyembamba zimebandikwa. Mume wangu alisimama kimya, kisha akaninong'oneza: "Huyu bwana amevaa joho." Na kweli! Joho la bwana harusi, limedariziwa nyuzi za dhahabu mpaka chini, kama lile alilovaa yeye wiki nne nyuma, akilalamikia uzito wake. Tulicheka mpaka mlinzi akatutazama. Tiketi zake nunueni mtandaoni, zina saa maalumu ya kuingia.

Kama mnataka muziki, achaneni na wale wa mawigi. Nendeni Staatsoper, jumba la opera lililofunguliwa 1869, mkanunue tiketi za kusimama siku ile ile. Haizidi euro 20 kwa mtu. Ukishapata nafasi yako unafunga skafu kwenye reli iliyo mbele yako, unakwenda zako kutembea, na ukirudi hakuna aliyeigusa. Nilifunga mtandio wangu wa Mombasa kati ya skafu za sufu nikaona fahari. Mbele ya kila mtu kuna kioo kidogo kinachoonyesha tafsiri ya maneno. Miguu iliuma, tuliondoka wakati wa mapumziko, na bado ilikuwa bora mara kumi.

Siku ya nne nilishikwa na hamu ya nyumbani, sikuficha. Tukaingia nyumba ya vipepeo kwenye bustani ya Burggarten, jengo la vioo nyuma ya kasri la Hofburg, ambako wanaweka joto la nyuzi 26 na unyevu mkali. Miwani ikaingia ukungu, makoti tukavua, na dakika tano baadaye nikawa ninatoka jasho chini ya migomba kama niko Nyali. Nilikaa kwenye benchi mpaka nikapona.

Theluji? Jijini hatukuiona. Mbingu ya kijivu na upepo, basi, na nasikia Vienna iko hivyo mara nyingi. Ikabidi tuifuate Semmering, zaidi kidogo ya saa moja kwa treni kuelekea milimani. Reli ile ilijengwa kati ya 1848 na 1854, inapanda kwa madaraja ya mawe na mahandaki, na tangu 1998 ni urithi wa dunia. Mume wangu, mjukuu wa mtu wa reli ya Mombasa, njia nzima alibandika uso kwenye kioo cha dirisha. Tulipotoka kwenye handaki moja kila kitu kikawa cheupe. Aliposhuka aliokota theluji kwa mkono mtupu, akaionja. Mtu mzima, mhasibu. Safari hii haikuwa kwenye kifurushi, na kama ningeambiwa nibakishe siku moja tu, ningebakisha hiyo.

Madogo mengine. Kwenye vituo vya treni hakuna mageti, lakini tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye mashine mara ya kwanza, na wakaguzi wengine wanavaa kiraia. Jumapili maduka yamefungwa, isipokuwa ya kwenye stesheni kubwa kama Hauptbahnhof. Barabarani wanachoma njugu za Kizungu, *Maroni*, kwenye jiko la chuma na kuzitia kwenye karatasi. Zina ladha iliyo kati ya kiazi kitamu na muhogo, na karatasi inapasha mikono. Na Januari mpaka Februari ni msimu wa dansi rasmi, zaidi ya 400 kila mwaka. Sisi hatukwenda, si mambo yetu, lakini usiku wa Ijumaa kwenye U1 tuliwaona wanawake wenye magauni ya kuburura, yanametameta chini ya makoti mazito, viatu vya visigino mkononi. Nikakumbuka harusi za Mji wa Kale, jinsi dhahabu inavyopita mtaani chini ya buibui jeusi.

Kurudi tulipanda treni kutoka Hauptbahnhof, robo saa tukawa uwanja wa ndege.

Kwa hiyo nyota. Vienna mwezi wa Januari kwa maharusi: nne na nusu, nusu nimeipunguza kwa ajili ya upepo. Kifurushi: mbili, moja ya dereva na moja ya mtaa tuliopelekwa kwa bahati mbaya. Wakala aliturudishia fedha za chakula baada ya barua tatu na ziara moja ya mama mkwe ofisini kwake. Hela zile zingelipia chumba chenye beseni la kuogea, ambalo kwa baridi ile ningelithamini kuliko farasi.

Koti nimemwazima wifi yangu. Anakwenda Toronto mwezi wa Februari, na huko anakokwenda, wanamwambia, baridi tuliyoipata sisi ni kipupwe tu.