Fundi laptopu kanifutia safari zangu za anga, sijui hata nimpe nyota ngapi

Naanza na hasira, nikipoa huko mbele nitasifia. Kuna fundi laptopu hapa Mtwara mjini, sitaji jina wala mtaa, anayemjua atajijazia mwenyewe. Nilimpelekea mashine yangu kipindi kile korosho zimeanza kudondoka, feni inanguruma kama bodaboda iliyotobolewa ekzosi. Nikamwambia fundi, safisha feni, basi. Neno feni nimelitaja labda mara nne. Nikaenda zangu kibandani kwangu, mimi natoa kopi na kuchapa barua za watu.

Jioni narudi nakuta laptopu imewaka ng'aa, skrini nyeupe pee, vile nilivyokuwa nimepanga vitu vyangu hakuna. Namuuliza imekuwaje, ananijibu, "Nimekupigia Windows mpya braza, ile ilikuwa nzito." Nani kakutuma? Nikasema haya, mafaili yangu? "Picha na dokyumenti zote nimekutunzia, ingia D." Nikaingia D, ile sehemu ya pili ya diski. Picha za harusi ya dada zipo, CV za wateja zipo, mpaka mialiko ya vikao vya harusi za watu nisiowakumbuka ipo. Folda ya gemu haipo. Nikamwambia fundi, hapa palikuwa na gemu. Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Gemu si utaweka tena? We mtu mzima unalilia katuni?" Na kale kadogo kake kalikokuwa kanachomelea chaji pembeni kakacheka.

Na nikalipa. Elfu kumi na tano, nikatoa mwenyewe kwa mkono wangu, nikasema asante fundi. Hiyo asante ndiyo mpaka leo inaniamsha usiku.

Sasa katuni yenyewe ni Kerbal Space Program. Inataka kompyuta ya namna gani, ina uzito gani, katafuteni wenyewe, kote imeandikwa. Mimi nitawaambia kwamba ilitengenezwa na kampuni ya Mexico ambayo kazi yake ilikuwa matangazo, toleo kamili likatoka 2015, na kwamba kale kavijana ka kijani kanakochekacheka, ndio wanaanga wa gemu, kasiwadanganye. Unaunga roketi mwenyewe kipande kwa kipande, halafu mvutano wa dunia unakuhukumu. Ukikosea hesabu hakuna wa kumbembeleza.

Kuna kijamaa kinaitwa Jebediah, wote tunamwita Jeb. Nilimpeleka Mun, ndio mwezi wao. Mara ya kwanza nilimfungia maparachuti matatu, nimekaa nasubiri yafunguke, nasubiri, chombo kikajipigiza chini vipande. Kumbe Mun haina hewa, parachuti litashika nini? Hilo tuliache. Mara nyingine nikamtua vizuri kabisa kwa injini, miguu yote chini, nikapiga na picha. Tatizo nilitua kwa woga, nimechoma mafuta mengi, nilipomnyanyua yakatosha kufika tu kilomita 20 hivi juu ya Mun, yakakata. Akabaki anazunguka. Mzunguko mmoja dakika kama 42, hashuki wala harudi nyumbani. Wiki nzima na zaidi kila nikifungua gemu namkuta pale kwenye kona anatabasamu, maana huyu Jeb hata akiwa anakufa anacheka.

Nikasema huyu siwezi kumwacha. Nikaunda chombo cha pili, tanki la mafuta na tundu la kuungia mbele, nikakifikisha Mun. Nikamwona yuko mbele yangu kilomita 8. Nikamwelekezea pua nikakanyaga mafuta kama dereva wa daladala aliyeona abiria, na Jeb anazidi kuwa mbali! Nikaongeza, ndio kabisa. Nilitukana mpaka mke wangu akaniuliza naongea na nani.

Angani mambo yako kinyume, jamani. Ukiongeza mwendo unapanda, ukipanda njia yako ya kuzunguka inakuwa ndefu, unachelewa. Ukitaka kumkamata aliye mbele inabidi upunguze mwendo, ushuke chini yake, huko njia ni fupi, unampita kwa chini halafu ndio unapanda kumngoja. Mimi nilijiona mjinga peke yangu mpaka niliposoma kwamba 1965 rubani wa Gemini 4, James McDivitt, mwanaanga mzima wa Marekani, alifanya kosa hilihili. Alitaka kulisogelea kopo la roketi yake lililokuwa limeachwa karibu tu, akalielekezea chombo akasukuma, likamkimbia, mafuta yakaisha nusu, wakaacha. Kuunganisha kabisa vyombo viwili walifanikiwa Machi 1966, Neil Armstrong na David Scott kwenye Gemini 8. Basi na mimi nisionekane kituko.

Mimi kuungana huku naita kufunga gati. Wanaovuka maji kwenda Msangamkuu, ng'ambo ya hapa mjini, watanielewa, boti ikikaribia ufukweni nahodha anazima mashine mapema, inakuja yenyewe polepole, anayekuja kwa fujo anawamwaga watu. Nilihangaika kama wiki tatu, usiku tu, mchana kazi. Siku nimefika mita 12 kamili, umeme ukakata. Betri ya laptopu yangu ilishakufa zamani, umeme ukienda na yenyewe imeenda. Gesi inatoka hapa Msimbati, inatuzalishia umeme hapahapa, na giza linatukuta hapahapa. Nilikuwa nimebonyeza F5 ya kusevu dakika chache nyuma, la sivyo ningelia kweli.

Usiku uliofuata tukawa upande wa giza wa Mun, na mimi fundi mkubwa sikukumbuka kuweka taa hata moja. Nikakaa mikono kifuani nasubiri jua. Lilipotokea ukingoni nikaona kwanza ule mduara wa tundu la Jeb, kakipande ka chuma kanakong'aa, halafu chombo chenyewe kikajitokeza kidogo kidogo. Nikasogea sentimita 30 kwa sekunde. Kushoto kidogo. Nimezidisha, rudi. Mita tano. Mita mbili. Hapo unaacha kila kitu, hugusi hata kibodi, maana matundu yana sumaku, yakikaribiana yanavutana yenyewe. Vikatikisika mara mbili, vikawa kimoja.

Saa nane za usiku nikasimama juu ya kiti. "Nimefunga gati!" Mke wangu akageuka na usingizi wake, "Usiku huu? Msangamkuu?"

Sijawahi kujisikia hivyo, na nina cheti cha ufundi ukutani na nimejenga vyumba viwili. Jeb nikamjaza mafuta akarudi nyumbani, akatua baharini, safari hii parachuti likashika. Baada ya hapo nikawa na kituo changu angani, na nikatuma watu watatu Duna, ile sayari nyekundu, ambayo huondoki siku unayotaka, unasubiri sayari zikae mkao wake, miaka miwili na kidogo ya kwao. Niliwahi nafasi. Walikuwa njiani. Ndio hao fundi kawapigia Windows. Hawajafika na hawajafa, sijui hata niwahesabu wapi.

Kwa hiyo fundi nyota sifuri.

Ila ngoja nisiseme uongo, feni sasa hivi kimya kama msikiti saa nne asubuhi, na mashine inawaka haraka kuliko nilivyoinunua. Picha za dada alizitunza bila kuambiwa, kuna mafundi hata hilo hawafanyi. Na safari za hii gemu zinakaa ndani ya folda ya gemu yenyewe, kwenye dokyumenti hazipo, yeye angejuaje? Mimi mwenyewe nilikuwa najua na flashi ninazo sita kibandani, za kuwekea kazi za watu. Basi nyota mbili, tatu tukiangalia feni.

Hapana, moja. Nilisema feni! Alinisikia vizuri, angesema tu braza hii nataka kuifuta yote, kuna kitu unakitaka? Dakika moja hiyo. Na lile neno la katuni, na kale katoto kakicheka.

Gemu yenyewe ningeipa tano ila sasa hivi sijui. Nimeiweka upya, nikarusha vyombo viwili vipya, nikafunga gati kwa usiku mbili badala ya wiki tatu. Vikatikisika, vikawa kimoja. Nikaangalia saa, nikazima, nikalala. Jeb huyu mpya anacheka vilevile lakini sio yule. Duna bado sijagusa, moyo haujakubali.

Na juzi kioo kimetoka mstari, wa kijani, kutoka juu mpaka chini. Nimezunguka kwa fundi mwingine kataja bei nikatoka bila kuaga. Kesho asubuhi nampelekea huyuhuyu. Folda ya gemu nimeshaikopi, flashi iko mfukoni.