Sheli ya barabara ya Koboko hapa Arua, Uganda: vipimo safi, bei ndio moto

Wenzangu wa steji ya boda wananiuliza kila siku naweka mafuta wapi, sasa acha niandike mara moja. Jina sitaji, ila wa Arua mtaijua.

Kwanza vipimo, hapo nawapa zote. Dada wa pampu haanzi mpaka uangalie, anagonga kioo na kidole, "sifuri, umeona?", ndio anamimina. Niliwahi kujaribu na chupa ya maji ya lita moja, ikafika palepale. Kuna sheli zingine hapa mjini unaweka ya shilingi 10,000 na boda inazima kabla hujafika Ediofe, hizo mnazijua wenyewe.

Bei sasa, hiyo inauma lakini siwezi kuwalaumu hawa. Mafuta yetu yanashukia Mombasa, yanaingilia Malaba au Busia, yanapita Kampala, yavuke Nile pale Karuma ndio yafike huku, na kila anayeyagusa njiani anakula chake. Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani sababu ya kupimwa korona, sehemu zingine lita ikafika 10,000 kabisa. 2024 daraja la Karuma likafungwa kwa matengenezo, malori yakaanza kuzunguka. Julai mwaka huohuo UNOC, kampuni ya mafuta ya serikali yetu, ikaanza kuagiza mafuta yenyewe kupitia wafanyabiashara wa mafuta Vitol bila kutegemea makampuni ya Kenya, sawa, lakini barabara si ni ileile?

Kitu kinanirudisha hapa ni kwamba mafuta yakiadimika hawafungi pampu eti wangoje bei ipande. Wanagawa kidogokidogo, boda wote wanapata, ambulensi na gari za doria wanapitishwa mbele na hakuna mtu analalamika, maana sisi boda wa usiku tunajua gari ya doria bila mafuta ni chuma tu.

Na mtu asiniambie bei ya petroli ni mambo ya Wizara ya Fedha peke yake, ni usalama pia. Waulizeni wazee wa hapa juu ya opec boys, wale vijana wa jerikani waliokuwa wanauza mafuta ya Congo kando ya barabara, biashara iliyoanza na watu waliokimbilia uhamishoni Amin alipoanguka, wakarudi hawana kazi hawana kitu. Ilikuwa magendo wazi, wakubwa wanaona, wakawaachia kwa sababu kijana mwenye jerikani ya kuuza haendi msituni. Na msitu ulikuwa unaita kweli miaka hiyo, waasi wa UNRF II wamekuja kusaini amani na serikali Yumbe 2002 juzi tu. Kwa hiyo sisi wa West Nile, kona hii yetu ya Arua, Koboko na Yumbe, hii hesabu tunaijua zamani: weka askari wote unaotaka mpaka wa Congo na Sudan Kusini, lakini lita ikipanda mpaka boda haimlipi kijana, huyo kijana atatafuta kitu kingine cha kufanya usiku.

Haya, turudi kwa sheli. Nendeni asubuhi mapema kabla mabasi hayajajaa, mobile money wanapokea, jerikani za plastiki wanakataa kwa hiyo msibishane na dada wa watu. Choo kisafi. Nyota nne, ya tano nimeizuia sababu ya kijana wa kujaza upepo wa matairi, ikifika saa tatu usiku amefunga mashine kaenda kutazama mpira.