Uzoefu wangu na vibao vya Sakanaction: vya kuanza navyo na vya kuviruka

Ukitegemea spika ya simu, Sakanaction, bendi ya Japani, haitakuingia. Nalisema hili mapema kwa sababu kila niliyemrushia nyimbo zao akasikilizia simu ikiwa mezani alinijibu kwamba huo ni muziki wa gemu. Besi ya Ami Kusakari ndiyo nusu ya bendi. Ikimezwa, unabaki na kinanda kinacholialia na mwanamume anayeimba Kijapani kwa sauti ya upole. Vaa hedifoni zinazotoa besi ya kueleweka, au unganisha na sabufa, ndipo tuzungumze.

Hawa ni watu watano waliotokea Sapporo, kwenye kisiwa cha Hokkaido kaskazini mwa Japani, na bendi ilianza mwaka 2005. Ichiro Yamaguchi anaimba, anapiga gitaa na ndiye mtunzi. Motoharu Iwadera yuko kwenye gitaa, Emi Okazaki kwenye vinanda, Keiichi Ejima kwenye ngoma. Ukiangalia ala utasema ni bendi ya roki ya kawaida tu, lakini midundo yao imetoka klabu: hausi, tekno, disko la zamani. Bendi nyingi zinazojaribu mchanganyiko huu hutunga wimbo wa gitaa ukaisha, kisha zikapaka sintesaiza juu. Kwa Sakanaction huwezi kuondoa kimoja kingine kikasimama.

Kilichonifungua masikio ni dansi letu. Aliyekulia kwenye nyumba iliyopigwa Msondo na Sikinde hana haraka na wimbo. Anajua waimbaji watasimulia kwanza, magitaa yakinong'ona, na kwamba sebene inakuja na itakuwa tamu kwa sababu alisubirishwa. Sasa chukua "Music" ya mwaka 2013. Inaanza na sintesaiza inayodunda chinichini, sauti ya Yamaguchi iko karibu peke yake, baridi, kama hana mpango wowote na wewe. Kiitikio kinakuja, lakini kinakuja kwa adabu. Unadhani wimbo ndio huo. Kuelekea mwisho ndipo ngoma na magitaa yanapoingia kwa pamoja, kiitikio kilekile kinarudi kikiwa na kifua, na yale yote uliyodhani ni ubaridi unagundua yalikuwa maandalizi. Anayesikiliza dakika mbili za mwanzo na kubonyeza "unaofuata" hajausikia wimbo huu kabisa.

Video za maonyesho yao zinaonyesha jambo hilo wazi zaidi. Katika "Music" wote watano husimama mstari mmoja nyuma ya kompyuta, miwani myeusi usoni, wametulia kama makarani wa benki. Kisha mwanga unabadilika, na wakionekana tena kila mtu yuko kwenye ala yake. Walipoalikwa kwenye Kohaku, kipindi kikubwa cha muziki cha NHK, shirika la utangazaji la Japani, cha mkesha wa mwaka mpya, mwaka huohuo wa 2013, walipeleka wimbo huu. Kama una bando la video moja tu ya bendi hii, tafuta "Music" ya jukwaani, uiache ile ya studio.

Kibao kinachojulikana na wengi zaidi ni "Shin Takarajima" cha mwaka 2015. Kilitungwa kwa ajili ya filamu Bakuman, inayohusu vijana wawili wanaopambania kuwa wachoraji wa manga, yaani vibonzo vya Kijapani, na muziki wa filamu hiyo uliipa bendi tuzo ya Japan Academy. Hiki hakikusubirishi: sintesaiza ya mwanzo inakurukia papo hapo, na sekunde zile za kwanza ndizo watu wa mtandaoni wamezichezea sana kwenye vichekesho. Video yake inaiga vipindi vya burudani vya televisheni ya Japani ya zamani, wasichana wanacheza nyuma na Yamaguchi anarukaruka mbele akiwa na uso wa mtu aliyelazimishwa na shangazi yake kucheza harusini. Ni wimbo mzuri wa kumwonjesha mgeni. Mimi mwenyewe nimeuchoka, na sioni kosa kusema hivyo. Wimbo unaotoa kila kitu mlangoni hauna sababu ya kukurudisha sebuleni.

"Aruku Around" ya mwaka 2010 unahitaji kuutazama, si kuusikiliza tu. Kamera inapita moja kwa moja bila kukatwa, Yamaguchi anatembea, na maneno ya wimbo yamejengwa kama vitu halisi vilivyotapanywa njiani. Vipande havina maana mpaka kamera ifike pembe yake, hapo vinajipanga kuwa maandishi kwa sekunde moja, kisha vinavunjika tena. Hata usiyesoma herufi za Kijapani unaona pale vinapokaa sawa.

Ninaourudia kuliko zote ni "Native Dancer" wa albamu Shin-shiro ya mwaka 2009. Piano fupi inayojirudia, besi inayotembea, ngoma kavu. Sijui niusifie vipi zaidi ya kusema kwamba unaweza kuuacha ukajirudia jioni nzima ukipika na usiuchoke. "Bach no Senritsu o Yoru ni Kiita Sei Desu" nao una piano, lakini ni wa mzaha zaidi, na video yake Yamaguchi anacheza na midoli yenye sura yake. Ninauweka kwa watoto wa dada yangu. "Rookie" ni wa mazoezi au foleni ya asubuhi, basi.

Mzee wa disko asikose "Wasurerarenai no" ya mwaka 2019. Ulaini wake ni wa miaka ya 80 kuanzia besi hadi nguo za kwenye video, na kwa utundu waliutoa pia kwenye sidii ndogo za sentimita 8, zile zilizotamba Japani miaka ya 90. Uko kwenye albamu 834.194, ambayo jina lake ni umbali kwa kilomita kati ya studio yao ya Sapporo na ya Tokyo. Ni diski mbili, moja kwa kila mji. Wazo nalipenda. Ila kuisikiliza yote kwa mkao mmoja kunachosha, na ya pili huwa naanza kuangalia saa. Chukua nyimbo tatu nne ukaziweke kwenye orodha yako.

Usumbufu mwingine uko kwenye kutafuta. Kwenye programu ninayotumia, nyimbo nyingi zimeandikwa kwa herufi za Kijapani, kwa hiyo ukiandika jina kwa herufi zetu wakati mwingine unaletewa wasanii wengine kabisa wanaoiga. Andika jina la bendi, fungua ukurasa wao, na uanze na orodha ya zinazosikilizwa zaidi. Kisha linganisha picha ya jalada. Maneno ya nyimbo sikuyafuata na sijaona nimepungukiwa kwa kiasi hicho, maana sauti yenyewe wanaitumia kama ala ya sita.

Halafu kuna "Kaiju" ya mwaka 2025. Yamaguchi alizungumza hadharani kuhusu sonona iliyomfanya asimamishe kazi, na bendi ikarudi kwenye ziara mwaka 2024. Wapenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani, wanaujua wimbo huu kwa sababu unafungulia Orb, simulizi ya watu wanaohatarisha maisha kwa kuchunguza kama dunia ndiyo inayozunguka. Vijana wengi huku kwetu walioniuliza kuhusu bendi wamepitia mlango huo. Ninachowaambia ni kwamba kwenye anime unapewa kama dakika moja na nusu tu, na mkasi umepita pabaya. Wimbo mzima una sehemu ya katikati inayoshuka na kutulia, halafu unapanda tena kwa nguvu zaidi. Kama umeusikia kwenye anime peke yake, sebene bado hujapewa.