FamilySearch kwa anayetafuta ukoo wake: nyaraka kwanza, mti baadaye

Nimeitumia FamilySearch kutafuta watu wa upande wa bibi yangu mzaa mama, na kwa kuwa ndugu kadhaa wameniuliza kama inafaa, najibu hapa kwa kirefu. Inafaa sana, ila wengi huanzia mahali penye udhaifu wake na kuondoka kabla hawajafika penye utajiri.

Ni tovuti na programu ya simu, bure kabisa. Unafungua akaunti, basi. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Shirika lililoizaa lilianzishwa Utah, Marekani, mwaka 1894, na tangu 1938 likawa linapiga picha za filamu za nyaraka za nchi nyingi: madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi, sensa, wosia, orodha za abiria wa meli. Filamu hizo zilifika rola milioni 2.4, na mwaka 2021 kazi ya kuzigeuza kuwa picha za kidijitali ikakamilika.

Mgeni akiingia hukutana kwanza na mti wa ukoo. Huo ni mmoja kwa watu wote. Marehemu anatakiwa awe na ukurasa mmoja tu wenye namba yake, na mjukuu yeyote, hata mtu baki, anaweza kuongeza au kubadilisha kilichomo. Walio hai hufichwa. Unamwona yule uliyemwandika wewe mwenyewe. Wazo hili nalipenda kwa dhati, kwa sababu marehemu si mali ya tawi moja la ukoo. Lakini jambo lililo wazi kwa kila mkono ni lazima ulisome kwa tahadhari. Watu wawili wenye jina moja na umri unaokaribiana huunganishwa kwa urahisi, na papo hapo unajikuta na babu wa vizazi saba asiyekuhusu. Kila badiliko huwekwa kwenye kumbukumbu na linaweza kurudishwa, jambo zuri. Mimi hata hivyo nina sharti moja: jina ambalo halikuambatanishwa na chanzo chochote silipandi kwenda kwa wazazi wake, hata kama matawi ya juu yanavutia namna gani.

Sasa nyaraka. Hapa ndipo ninapokaa usiku kucha.

Nyumbani tulijua bibi alizaliwa peke yake. Nilipopata picha ya ukurasa wa daftari ilimoandikwa ndoa yake, sikuishia kwenye majina ya bwana na bibi harusi. Shahidi wa pili alikuwa mwanamke mwenye jina la baba lile lile la bibi. Nikalifuata jina hilo hadi kwenye daftari la ubatizo la miaka ya nyuma, nikakuta baba yule yule, mama yule yule, mtoto mkubwa kuliko bibi. Nilipomwonyesha mama, akakumbuka mgeni aliyekuwa akija wakati yeye ni mdogo, ambaye waliambiwa wamwamkie mama mkubwa bila kuelezwa zaidi. Leo tuna tawi zima la ndugu ambao hatukuwa tunajua kama wapo.

Faharasa, yaani orodha ya majina yaliyonakiliwa kutoka kwenye picha ili yatafutike, peke yake isingenipa hilo. Wanaojitolea kunakili majina mara nyingi huandika wahusika wakuu na kuwaacha mashahidi, wasimamizi wa ubatizo, na yale maandishi madogo ya pembeni. Kwa hiyo fungua picha yenyewe, soma ukurasa mzima, kisha soma ule unaotangulia na ule unaofuata. Majirani wa kwenye sensa mara nyingi ni wakwe. Tangu 2024 kuna pia njia ya kutafuta ndani ya maandishi yote ya waraka, kompyuta ikiwa imesoma mwandiko wa mkono. Haijafika kwenye nyaraka zote, lakini pale ilipofika, unaweza kumpata mtu aliyetajwa katikati ya wosia wa jirani yake.

Zipo picha zinazofunguka tu ukiwa kwenye vituo vyao vya historia ya familia, na nyingine hazifunguki kabisa, kwa sababu ya makubaliano na hifadhi zinazomiliki nakala halisi. Halafu kuna mambo ambayo hakuna tovuti itakayoyarudisha. Sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya 1890 iliharibika kwa moto wa 1921. Kwa wazao wa waliofanywa watumwa huko, sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wengi wao kwa majina. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 ziliandika umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, na kuwaacha wenyewe bila jina. Ndiyo maana nauheshimu mradi uliokamilika 2016, ambapo watu wa kujitolea walinakili majina karibu milioni 1.8 kutoka kwenye nyaraka za ofisi iliyoundwa mwaka 1865 kuwahudumia walioachwa huru. Na katika nchi kadhaa za Afrika, ambako nasaba imekaa vichwani mwa wazee kuliko vitabuni, FamilySearch hupeleka watu kuwasikiliza na kuwaandika. Kazi hiyo ni ya haraka kuliko zote, maana daftari linaweza kungoja na mzee hangoji.

Vipimo vya vinasaba hawauzi. Nilipima kwa kampuni nyingine, na asilimia za asili yangu zikabadilika bila mimi kupima tena, kwa kuwa hukokotolewa kwa kulinganishwa na makundi ya watu ambayo kampuni huyapanua kila mara. Sehemu ya kuamini zaidi ni orodha ya ndugu, yaani watu wengine waliopima ambao vinasaba vyao vinalingana na vyako: binamu wa kwanza hushiriki takriban asilimia 12.5 ya vinasaba, na hiyo unaweza kuipambanisha na daftari.

Kuhusu dini, niseme wazi kwa sababu linaulizwa sana. Kanisa hili hukusanya nasaba kwa kuwa waumini wake hufanya ubatizo kwa niaba ya mababu zao waliofariki, na hufundisha kwamba marehemu ana hiari ya kuukubali au kuukataa. Kutumia tovuti hakukufanyi muumini. Lakini kama jambo hilo linamgusa mtu wa ukoo wako, zungumzeni kabla hujaandika majina ya marehemu kwenye mti. Nyaraka unaweza kuzisoma bila kuandika jina hata moja.

Ukipata ukurasa unaokuhusu, upakue siku hiyo hiyo, na uandike jina la hifadhi, namba ya kitabu na ya ukurasa. Makubaliano na hifadhi hubadilika, na picha iliyo wazi leo inaweza kufungwa kesho.