Gombe kwa boti ya abiria: nyota 4 kati ya 5

Nyota moja nimeinyima boti, hifadhi yenyewe haina deni na mimi.

Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, haifikiki kwa gari. Kutoka Kigoma mjini unakodi boti, ambayo ni ghali, au unapanda ya abiria pale Kibirizi, zile zinazokwenda vijiji vya kaskazini. Nilichagua ya abiria, tukabanana na magunia ya unga, kreti za soda na mabati ya mtu. Tuliambiwa saa sita, tukaondoka saa tisa, na majaketi ya kujiokolea hayakutosha watu. Yaulizie kabla hujatoa nauli, maana Tanganyika likichafuka si ziwa la kufanyia mzaha.

Kiingilio hakilipwi taslimu. Unapewa namba ya malipo. Raia wa Afrika Mashariki analipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo usisahau kitambulisho.

Asubuhi, watafutaji walishatangulia kule sokwe walikolala (kila jioni hujitandikia kitanda kipya cha matawi mtini), na mwongozaji wetu akawa anawasiliana nao kwa redio. Milima ya Gombe ni mikali jamani! Tulipanda bonde la Kakombe tukishika mizizi, tukashuka, tukapanda tena. Nilishaanza kuililia hela yangu, mara kelele zikalipuka juu yetu: mmoja anaanza kwa kuhema, wa pili anadakia, wa tatu naye, hadi bonde zima mayowe.

Tukavaa barakoa, kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaua, tukaambiwa tusisogee karibu zaidi ya mita 10. Mama mmoja alikuwa anakula mabungo. Anapasua ganda kwa meno, anakomba ndani, kidevu chote kimelowa. Mwanawe ananyoosha mkono, ananyimwa. Ananyoosha tena, ananyimwa. Mwisho akapewa ganda tupu alambe. Kisha dume moja likapita njiani katikati yetu bila hata kututazama. Hawa wamezoea watu tangu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alipofika hapa Julai 1960, na kwa miaka mingi wanaowafuatilia na kuwaandika kila siku ni Watanzania wa vijiji jirani. Mwongozaji alitutajia kila sokwe, mama yake na bibi yake. Watoto hupewa jina lenye herufi ya kwanza ya mama, toka enzi za Flo na bintiye Fifi.

Ukishawapata unakaa nao saa moja tu, basi. Nenda kiangazi, Julai hadi Oktoba, njia zisiteleze. Boti za abiria za kurudi mjini hupita asubuhi mapema, kwa hiyo panga kulala hukohuko na ubebe chakula chako. Ila kilie ndani: nyani wa ufukweni walimpokonya dada mmoja mkate ukiwa mdomoni.